Mvua ya mbali ndiyo huwaua watembezi wa lagani

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, na zinapofungwa tena kuelekea Krismasi, mabasi yatokayo Mombasa na Malindi kwenda Garsen, Wenje na Hola hujaa watoto. Wengi wanarudi kwao kuwaona nyanya na babu. Wengine ni wageni tu, wazazi waliochoshwa na kelele za mjini, wanaotaka watoto wao wauone Mto Tana kwa macho yao wenyewe na kuingia msitu wa kando ya mto, makao ya mbega mwekundu wa Tana, kima asiyepatikana porini popote pengine duniani. Baba anabeba mfuko, mama anafunga chakula, na safari ya miguu ya kutwa nzima inaanza.

Hilo ni jambo la kusifiwa. Mtoto wa mjini anayeketi mbele ya televisheni au simu tangu asubuhi hadi usiku anahitaji sana kutembea, na makala haya hayana nia ya kumzuia mtu yeyote kwenda. Lakini kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii wanapopanga likizo. Aprili ni mwezi wa masika. Novemba na Desemba ni majira ya vuli. Siku zile zile ambazo familia ina nafasi ya kutembea nyikani ndizo siku ambazo laga hujaa maji. Ni likizo ya Agosti pekee iliyo salama kidogo, na hata hiyo si ya kuaminiwa kabisa.

Maji yasiyo na mvua

Laga, kwa asiyejua, ni mto wa msimu. Karibu mwaka mzima ni njia ya mchanga mkavu iliyochimbika ardhini, na kwa kuwa haina miiba na imenyooka, hutumiwa na watu na mifugo kama barabara. Ukingo wake hutoa kivuli. Watoto huupenda mchanga wake. Hakuna kitu chochote machoni kinachoonyesha kwamba hapo ni mahali pa hatari.

Laga nyingi za upande wa magharibi wa Tana huanzia mbali, kwenye miinuko ya Kitui. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji hayazami ardhini kwa urahisi. Udongo wa nchi kavu uliochomwa na jua kwa miezi kadhaa huwa na gamba gumu juu, na matone mazito ya mvua hulifanya gamba hilo kuwa gumu zaidi. Basi maji hutiririka juu juu kama kwenye bati la nyumba, yakaingia vijitoni, vijito vikaingia lagani, na mkusanyiko wote huo ukashuka kwa pamoja. Hutangulia povu, vijiti, majani makavu na kinyesi cha mifugo, kisha maji mekundu mazito yenye magogo ndani yake. Yanaweza kumfikia mtembezi saa kadhaa baada ya mvua yenyewe kukatika, wakati yeye aliko jua linawaka na hakuna wingu hata moja juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo penye kosa linaloua. Mtu hutazama juu, akaona anga safi, akasema leo hakuna mvua. Swali la kujiuliza ni kama mvua imenyesha kule maji yanakotoka, jana usiku au asubuhi hii.

Mfano ulio wazi zaidi nchini hautoki Tana River bali Naivasha, katika korongo la Njorowa lililo ndani ya Mbuga ya Hell's Gate. Korongo hilo lina kuta ndefu za miamba, na kijito chembamba hupita chini yake. Katika siku ya kawaida mtoto hukivuka bila kulowa zaidi ya viatu. Mnamo Aprili 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa walikufa humo baada ya maji kushuka ghafla. Miaka saba baadaye, Jumapili tarehe 1 Septemba 2019, kundi la watalii pamoja na mwongozaji wao lilifikwa na mafuriko ya namna hiyo hiyo mahali pale pale, na watu saba wakafa. Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililifunga korongo hilo baada ya msiba huo wa pili.

Msomaji atasema kwamba Wenje hakuna majabali kama ya Njorowa, na hilo ni kweli. Nyika ya huku ni tambarare, na kingo za laga mahali pengi si ndefu kupita kimo cha mtu. Hata hivyo mtoto wa miaka sita haupandi ukingo wa udongo unaomomonyoka, tena kwa haraka, bila kusukumwa na mtu mzima. Kama watoto ni watatu na wazazi ni wawili, hesabu ifanyeni nyumbani kabla ya kutoka.

Mto Tana wenyewe una tabia yake, iliyo tofauti na ya laga. Huanzia Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ukapita kwenye mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha ukashuka Garissa, Hola, Wenje na Garsen kuelekea baharini. Bwawa la Masinga likijaa na kufurika, matangazo hutolewa kwa wakazi wa bondeni, na maji hufika huku baada ya siku kadhaa, polepole lakini kwa wingi. Laga hukupa dakika chache tu za kukimbia. Tana hukupa siku. Anayesafiri kwenda Wenje na asikilize redio juma zima kabla ya kuondoka, na akifika awaulize wenyeji. Mkulima wa kando ya mto na mchungaji aliyelala nyikani jana wanajua mambo ambayo utabiri wa hali ya hewa wa gazetini hauwezi kuyajua.

Dalili za kukutoa lagani mbio ni hizi: maji yaliyokuwa meupe kuwa ya rangi ya udongo, majani na vijiti kuanza kuelea, upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, au mngurumo kama wa lori linalokuja kwa mbali. Usingoje dalili ya pili. Panda ukingoni kwa njia iliyo karibu, uache mfuko na viatu. Kukimbia kufuata laga kuelekea chini ni bure, kwa maana maji yana mbio kuliko wewe. Na pahali pa kula chakula cha mchana au kupumzika pasiwe kamwe kwenye mchanga wa laga, hata kama kivuli chake ni kizuri namna gani.

Goti la nani?

Sasa tuseme mmeenda salama, mkarudi alasiri, na laga mliyoivuka asubuhi ikiwa kavu ina maji. Ng'ambo ya pili gari linangoja. Watoto wana njaa, na jua linatua.

Yafaa kujua kwanza nguvu ya maji yaendayo. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hulielea gari dogo, na sentimita 60 hulichukua gari kubwa. Isitoshe, maji ya laga si maji matupu. Yamechanganyika na mchanga na miti, na sakafu ya laga huchimbika chini ya miguu wakati wewe umesimama juu yake. Pale palipokuwa na kina cha kifundo cha mguu asubuhi panaweza kuwa na shimo jioni.

Watu husema usivuke maji yaliyopita goti. Lakini goti la nani? Baba akijipima mwenyewe amewasahau walio nyuma yake. Kipimo cha familia ni goti la mtoto mdogo kabisa anayetembea kwa miguu yake. Na kama maji ni ya udongo hata huoni sakafu, au yanabeba vijiti, hakuna kipimo tena, msivuke. Kumweka mtoto mabegani si suluhisho. Uzito ukiwa juu, anayebeba huanguka upesi zaidi, na akianguka huanguka na mtoto.

Kungoja ndiyo dawa. Maji ya laga hupanda kwa haraka na mara nyingi hushuka kwa haraka vile vile, yakapungua baada ya saa chache. Kwa hiyo atembeaye nyikani majira ya mvua achukue chakula na maji ya kumtosha hata kama atalala njiani, na chandarua au dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Usiku mmoja wa shida juu ya ukingo si kitu. Maji yakishapungua, mchanga uliolowa huweza kuzamisha mguu hadi pajani. Mtu mzima na atangulie akiupima kwa fimbo.

Ikiwa maji ni machache na safi na mmeamua kuvuka, chagueni mahali papana, maana penye upana maji hutulia, na pasipo na kona wala magogo upande wa chini. Viatu vivaliwe. Kamba za mfuko wa mgongoni zilegezwe ili uweze kutupwa. Mtu mzima mwenye fimbo asimame upande maji yanakotoka, mtoto amshike upande wa chini, nao wavuke polepole, hatua moja baada ya nyingine. Msijifunge kamba viunoni. Kamba ikinasa humshikilia mtu chini ya maji.

Aliyechukuliwa na maji asijaribu kusimama, kwa kuwa mguu ukinasa kwenye jiwe au mzizi maji humlaza kifudifudi. Alale chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, na apige mikono akielekea ukingoni. Walio nje wamtupie kamba, kanga ndefu au tawi. Watu wengi hufa wakiruka majini kuwaokoa wenzao.

Na gari lisiwatie moyo. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto wa Enziu karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia maji yaliyofunika daraja, huku watu wakitazama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2024 basi jingine lilisombwa na maji kwenye barabara ya Garissa, ndani ya Tana River. Abiria wake 51 waliokolewa wote. Dereva akitaka kuingia maji, abiria ana haki ya kuteremka na watoto wake, hata akiitwa mwoga.

Aliyetolewa majini

Zamani tulifundishwa kumwinua aliyezama kichwa chini miguu juu, au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Mambo hayo hayafai. Hupoteza dakika zenye thamani, na hurudisha matapishi mapafuni. Kinachomuua aliyezama ni kukosa hewa, basi mpe hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu chake, ziba pua, mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kila moja ya kutosha kuinua kifua. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua pamoja. Kama bado hana dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukishuka kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua cha mtoto. Kisha pumzi mbili, kisha 30 tena, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Akianza kupumua, mgeuze ubavu na umfunike, kwani hata katika nchi ya joto mtu aliyelowa hupoteza joto.

Mtoto aliyezimia majini, au anayekohoa mfululizo baada ya kutolewa, apelekwe hospitali hata kama anasema ni mzima. Mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Kutoka Wenje hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Hola, na barabara za huku hukatika wakati wa mafuriko. Sababu nyingine ya kutoingia majini tangu mwanzo.

Jua nalo

Ajabu ya nchi hii ni kwamba mtu aweza kuponea maji asubuhi akaangushwa na jua adhuhuri. Mchana wa Tana River hufika nyuzi 35 na zaidi, na ndani ya laga au korongo joto huongezeka kwa sababu kuta huzuia upepo na mchanga hurudisha joto usoni. Watoto, ambao ni wafupi, huwa karibu zaidi na mchanga huo.

Mwili wa mtoto hauvumilii joto kama wa mtu mzima. Hutoa jasho kidogo zaidi, na hutengeneza joto jingi kwa kila kilo anapotembea. Zaidi ya hayo mtoto hasemi. Anapocheza husahau kiu, na anapochoka hunyamaza. Mzazi asingoje kuombwa maji; ampe kila baada ya dakika 15 au 20, mafunda machache kila mara. Mtu mzima anayetembea juani huhitaji kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa saa. Maji matupu mengi mno bila chumvi nayo huleta madhara, kwa hiyo pawe na chakula chenye chumvi kidogo, au maji ya chumvi na sukari: vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kujaa sawasawa bila kilima, katika lita moja ya maji safi. Mwendo uanze saa kumi na mbili asubuhi na usimame saa nne, hadi saa kumi alasiri.

Mtoto aliyechoka kwa joto huumwa kichwa, hutapika, huwa na jasho jingi na ngozi yenye majimaji. Mpumzishe kivulini, mvue nguo, mpe kinywaji, atapata nafuu. Lakini akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia, na mwili ukiwaka moto, hicho ni kiharusi cha joto, na ubongo wake uko hatarini. Mmwagie maji mwili mzima na kumpepea hapo hapo, kabla ya kutafuta gari na njiani pia. Maji ya matope yanafaa kabisa kwa kazi hii. Usimnyweshe kitu asiyejitambua.

Huku Pwani mtoto mwenye joto kali huambiwa ana malaria, akapewa dawa ya kushusha homa na kulazwa ndani ya nguo nzito. Dawa hizo hazishushi joto lililoletwa na jua. Mpoze kwanza, damu ipimwe malaria mkifika kituo cha afya.

Kilichobaki mwilini baada ya safari

Watoto waliotembea juani hutaka kuoga. Katika Tana kuna mamba na viboko, na hilo wazazi wengi hulijua. Mto huvukwa kwa mtumbwi wa mwenyeji, na hakuna kuchovya mikono. Wasilolijua ni habari ya vidimbwi. Maji yaliyotulia baada ya mafuriko, mifereji ya mashamba na mabwawa madogo ya kando ya mto huwa na konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda mfupi wa kuogelea, na hutoka kwa wingi zaidi mchana, saa zile zile za kuoga. Kujifuta kwa taulo hakuwezi kutegemewa.

Mtoto hatasikia kitu siku hiyo, labda mwasho tu. Baada ya majuma au miezi, akiwa amesharudi Mombasa au Nairobi na safari imesahauliwa, atakojoa damu mwishoni mwa mkojo, au atalalamika kwamba mkojo unachoma. Mwambieni daktari kwamba alioga maji ya Tana River, kwa sababu daktari wa mjini huenda asiulize. Mkojo wa kupimwa na utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya mdudu hutoka kwa wingi. Wa alfajiri unaweza kuonekana safi. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mtoto na huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga. Kwa sababu hiyo kumkimbiza mtoto hospitali siku ya pili baada ya kuoga hakusaidii sana. Apimwe baada ya majuma sita hadi manane, na damu ikionekana wakati wowote baada ya hapo, apimwe tena.